Jinsi ya kuamua fremu ya pikipiki ya resi: anza na matairi, mabomba yaje mwisho

Kila anayetaka kujijengea pikipiki ya resi swali lake la kwanza ni lilelile, eti nitumie alumini au chuma. Mi namjibu kwa maswali, ekseli zitakaa wapi, injini itakaa wapi, shingo (bomba la mbele linaloshika usukani) italala pembe gani, pivoti ya swingamu, yaani pale mkono unaoshika tairi la nyuma unapochezea, iko juu kiasi gani? Kimya. Sasa mkuu kama hivo vitu hujavijua mabomba unanunua ya nini, ni kama fundi cherehani kukata kitambaa kabla hajapima mtu.

Na kama unaamini metali ndo inashinda resi hebu angalia MotoGP, mashindano makuu ya dunia ya pikipiki. Ducati waliingia 2003 na fremu ya mabomba ya chuma yaliyosukwa pembetatu pembetatu, na 2007 Casey Stoner akabeba ubingwa wa dunia na chuma hichohicho wakati Wajapani wote wako kwenye alumini. 2009 wakahamia kaboni faiba, Stoner akaendelea kushinda resi kadhaa lakini waliopanda pikipiki hiyohiyo wengi waliteseka, Valentino Rossi alipokuja 2011 hakushinda hata moja, na 2012 wakawa wameshahamia alumini ya mihimili miwili kama wenzao. Ukisema basi chuma kimekufa, Brad Binder akashinda resi ya MotoGP ya Brno 2020 juu ya KTM yenye fremu ya chuma. Kwaiyo metali sio jibu, metali inakuja ukishajua unataka nini.

Fremu ina kazi mbili tu. Ya kwanza kushika vitu mahali pake, hasa shingo na pivoti ya nyuma zikae kwenye mstari mmoja. Ya pili kupinda kidogo pale unapotaka ipinde na kukataa kupinda pale usipotaka. Hii ya pili ndo inawapiga watu chenga na nitaikalia sana huko mbele.

Chora kwa saizi halisi

Chukua plaiwudi kubwa iegemeze ukutani uchore pikipiki nzima kwa upande, saizi yake halisi, sio kwenye kikaratasi cha daftari. Anza na matairi mawili (pima kipenyo cha tairi likiwa na upepo wake, usiamini namba ya ubavuni), mstari wa ardhi, alafu injini. Kama una nafasi injini iweke kabisa juu ya vipande vya mbao, matairi yasimamishe mbele na nyuma yake, rida mkalishe juu ya boksi kwa mkao wa resi, kidevu kwenye tanki. Hapa kwenye rida watu wanasahau sana wakati pikipiki ya kilo 130 ikipandwa na mtu wa kilo 70 zaidi ya theluthi ya mzigo wote ni mtu, tena mtu mwenyewe hatulii, mara kaning'inia kushoto mara kalala kwenye tanki.

Sasa urefu kutoka ekseli hadi ekseli, wenyewe tunaita wilibesi. Pikipiki kubwa za resi za siku hizi zinacheza kwenye 1400 hadi 1450 mm, zile ndogo za cc 125 za zamani zilikuwa 1200 na kitu. Fupi inageuka haraka lakini inanyanyua tairi haraka, ndefu inatulia lakini kona za kubana inaleta ubishi. Hesabu yenyewe sio ngumu. Tuseme wilibesi ni 1400, kitovu cha uzito pamoja na rida kiko katikati kabisa, yaani 700 nyuma ya ekseli ya mbele, na kiko 650 juu ya ardhi. Gawanya 700 kwa 650 unapata 1.08, maana yake ukifunga breki kufikia mara 1.08 ya nguvu ya mvutano wa dunia tairi la nyuma linaondoka chini, hapo hata uwe na breki za dhahabu hazikusaidii. Fupisha wilibesi iwe 1300 na kitovu kibaki katikati, unapata 650 kwa 650, yaani 1 kamili. Shusha kitovu hadi 600 kwa wilibesi ile ya 1400 unapata 1.17.

Basi mtu anasema ngoja nishushe kila kitu chini kabisa! Tulia kwanza. Tairi la resi ni pana, ukilala kwenye kona sehemu inayogusa ardhi inahamia ubavuni, na kadiri kitovu kilivyo chini ndo inabidi ulale zaidi kupita kona ileile kwa spidi ileile. Pia tairi linahitaji kugandamizwa ndo lishike, uzito usipohama mbele wakati wa breki tairi la mbele linabaki limekaa tu kama mgeni. Kwaiyo kitovu kuwa juu kidogo sio kosa, injini nyingi za resi zimepandishwa makusudi. Kupata kitovu chako halisi tumia mizani miwili, moja chini ya kila tairi, pima ikiwa sawasawa, alafu nyanyua upande mmoja kwa kipimo unachokijua upime tena, tofauti ya uzito inakupa urefu.

Shingo

Hapa usiharakishe. Shingo ni lile bomba fupi nene la mbele linaloshika bearingi za usukani, na pembe yake tunaihesabu kutoka kwenye wima. Resi za lami nyingi ziko digrii 22 hadi 25. Lakini pembe peke yake haisemi kitu, kinachosikika mkononi ni treili, yaani refusha mstari wa shingo mpaka uguse ardhi, alafu pima kutoka hapo kurudi nyuma mpaka pale tairi linapogusa. Tairi linafuata nyuma ya ule mstari, ndo maana linajinyoosha lenyewe kama tairi la kitoroli cha dukani.

Fomula ni hii, zidisha nusu kipenyo cha tairi kwa saini ya pembe, toa ofseti (umbali wa foki, yaani ile miguu miwili ya mbele inayoshika tairi, kutoka mstari wa shingo, unaowekwa na vile vibano vya juu na chini), gawanya kwa kosaini ya pembe. Tairi la nusu kipenyo 300, pembe 24, ofseti 30. Saini ya 24 ni 0.407 kwaiyo 122, toa 30 zinabaki 92, gawanya kwa 0.914 unapata kama 100.7 mm. Simamisha shingo hadi 23 utapata 94.7, digrii moja tu imekula milimita 6. Alafu angalia hii, ukipunguza ofseti kutoka 30 hadi 28 treili inaongezeka, inafika karibu 103. Nimeona watu wazima wakibishana mpaka jasho wakidhani ofseti kubwa ndo treili kubwa, ni kinyume.

Treili ndogo usukani unakuwa mwepesi na pikipiki inakuwa na woga ukigonga bonde, unaanza kuona usukani unapiga huku na huku. Kubwa sana inakuwa nzito kuingiza kwenye kona lakini inakuambia vizuri tairi linafanya nini. Mi kwa fremu ya kwanza naanza na 98 hadi 102 na naacha nafasi ya kubadilisha. Na hiyo nafasi ndo somo lenyewe, shingo usiibane pembe moja milele. Tengeneza kubwa kidogo ndani, alafu bearingi zikae kwenye vikombe ambavyo tundu lake limetobolewa nje ya katikati, ukizungusha cha juu mbele na cha chini nyuma pembe inabadilika nusu digrii au digrii nzima bila kukata kitu chochote. Ni kazi ya siku moja ya mtu wa mashine ya kukereza vyuma, inakuokolea fremu nzima.

Pivoti ya nyuma na cheni

Hii ndo sehemu wanaojenga fremu ya kwanza wanaiweka popote patakapopatikana nyuma ya giaboksi, alafu wanakuja kulalamika shokapu mbovu.

Ukifungua gesi mambo mawili yanatokea pamoja. Uzito unarudi nyuma, unataka kukalisha shokapu. Wakati huohuo cheni inavuta na tairi linasukuma swingamu mbele, na kama swingamu imeinama, yaani pivoti iko juu kuliko ekseli, huo msukumo unataka kunyanyua nyuma. Ukizipanga zikakaribia kulingana nyuma inabaki ilipo na tairi linashika. Pivoti ikiwa chini sana nyuma inakaa chini, mbele inakuwa nyepesi, ukitoka kwenye kona pikipiki inakwenda pana kama imekataa kugeuka. Ikiwa juu sana nyuma inasimama kama paka aliyetishwa, shokapu inakuwa ngumu ghafla na tairi linateleza.

Ni milimita tunazungumzia, sio sentimita. Mbili tatu rida mzuri anazisikia. Na sproketi, yale magurudumu ya meno ya cheni, nazo zimo humohumo, ukiweka ndogo mbele mstari wa cheni unabadilika na nyuma inanyanyuka zaidi, kwaiyo mtu kabadilisha gia kwa ajili ya treki nyingine kumbe kabadilisha na tabia ya saspensheni bila kujua. Dawa yake ni kama ya shingo. Kwenye sahani za pembeni usitoboe tundu la duara la pivoti moja kwa moja, toboa tundu la mstatili, alafu tengeneza vipande vya alumini vinavyoingia humo bila kucheza vikiwa na tundu la bolti 2 mm kutoka katikati. Kipande hichohicho ukikigeuza juu chini una nafasi mbili, ukitengeneza na kingine chenye tundu katikati una tatu.

Swingamu yenyewe iwe ndefu kadiri utakavyopata nafasi, maana ndefu pembe yake haibadiliki sana ikipanda na kushuka. Ndo sababu Yamaha kwenye R1 ya 1998 walipandisha shafti za giaboksi zikakaa moja juu ya nyingine, injini ikawa fupi, swingamu ikarefuka bila wilibesi kurefuka. Injini yako huwezi kuibadilisha hivo, lakini unaweza kuisogeza mbele mpaka rejeta iseme basi.

Sasa chagua aina

Ukishapata nukta zako (shingo, pivoti, mauntingi yaani pale injini inapofungwa, pa kushika shokapu) kuchagua aina kunakuwa ni kuuliza tu, hizi nukta naziunganishaje kwa njia iliyonyooka zaidi.

Ya mabomba mawili yanayozunguka injini juu na chini ndo babu yao wote. Rex McCandless wa Belfast ndo aliyewachorea Norton, kampuni ya pikipiki ya Uingereza, ile waliyoiita Featherbed, godoro la manyoya, jina lilitokana na rida wao Harold Daniell kusema ni kama kupanda godoro. 1950 Geoff Duke akashinda nayo Senior TT, resi ya kisiwa cha Man. Bado inafaa kwa injini ya zamani yenye silinda moja ambayo haikutengenezwa kubeba mzigo, lakini ina mabomba mengi chini ambayo kwa injini ya kisasa ni uzito wa bure.

Ya mabomba mafupi yaliyosukwa pembetatu ndo ninayompendekezea mtu yeyote anayejenga mwenyewe, bila kupepesa. Kila bomba linyooke, kila makutano mistari ya katikati ya mabomba ikutane nukta moja, na injini ifungwe iwe sehemu ya mfupa. Uzuri wake unaweza kukata bomba moja ukaweka jingine, ukakosea ukarudia. Kwa injini ya V inakaa vizuri zaidi maana ni nyembamba, kwa silinda nne zilizojipanga kwa upana inabidi mabomba yatanuke na unaanza kupoteza unyoofu.

Ya mihimili miwili, inayotoka shingo ikapita kushoto na kulia kwa injini hadi pivoti, aliyeifanya ikubalike ni Mhispania Antonio Cobas mwanzoni mwa miaka ya 1980, Yamaha nao wakaja na Deltabox yao, na 1989 Àlex Crivillé akachukua ubingwa wa dunia wa cc 125 juu ya pikipiki ya JJ Cobas. Karibu kila pikipiki ya resi ya silinda nne imepita hapo. Ni nzuri sana, lakini kuitengeneza kwa mkono unahitaji alumini ya kukunja na kuchonga, shingo na sahani za pivoti za kuchonga kwenye mashine, na fundi wa weldingi ya tigi mwenye mkono uliotulia. Ukikosea huongezi kipande, unatupa.

Ya ganda, ambapo mwili ndo fremu, nitaipita haraka. Peter Williams alishinda TT ya Formula 750 ya 1973 na Norton ya ganda la chuma, kwaiyo inawezekana. Lakini kumbuka na NR500 ya Honda ya 1979, injini ilikuwa imefichwa ndani ya ganda la alumini kiasi kwamba mafundi wakitaka kuifanyia kazi inabidi waichomoe kwanza. Jiulize una dakika ngapi kati ya mazoezi na resi.

Na kuna kutokuwa na fremu kabisa, injini ndo kila kitu, shingo imefungwa juu yake na swingamu nyuma yake. Vincent walifanya tangu 1946, tanki la oili ndo likawa mhimili wa juu. John Britten wa New Zealand mwanzoni mwa miaka ya 1990 akaenda mbali zaidi, injini yake mwenyewe na kaboni faiba, kitu kizuri mpaka leo. Lakini soma hapo, injini *yake mwenyewe*. Injini ya kununua kama bloku yake haikutengenezwa kubeba mzigo utapasua masikio ya mauntingi, nimeziona zimepasuka.

Ngumu kiasi gani

Hapa ndo nilipopigwa mimi. Nilikuwa na fremu ya mabomba ya chuma, rida akarudi akasema mbele inalegea anapofunga breki. Nikaona rahisi, nikaweka mabomba mawili ya mshazari kutoka chini ya shingo hadi mauntingi za mbele za injini, nikachomelea safi kabisa nikajipongeza. Kurudi treki breki zikawa nzuri kweli, alafu katikati ya kona, ikiwa imelala, tairi la mbele likaanza kutetema, drrrrr, kama umepita juu ya mabati yenye migongo, rida akawa anafika kona anaachia. Tukabadilisha mafuta ya foki, tukapunguza upepo, tukabadilisha tairi, wapi. Jioni mtu mmoja mzee aliyekuwa anatuangalia tu akasema hebu legeza hizo bolti za mbele za injini. Tukazilegeza, moja tukaitoa kabisa. Ile drrrr ikapungua zaidi ya nusu. Kesho yake nikakata mabomba yangu mazuri kwa msumeno.

Sababu ni hii. Pikipiki ikisimama wima pigo la bonde linapanda moja kwa moja kwenye foki na shokapu, saspensheni inafanya kazi yake. Ikilala digrii 60, na MotoGP wanapita hapo, ile pigo la kwenda juu ni nusu tu inayoelekea kwenye mstari wa saspensheni, asilimia kama 87 inaelekea ubavuni mwa pikipiki. Saspensheni ya ubavuni hamna. Kinachobaki kumeza hiyo pigo ni tairi, foki, swingamu, na fremu kupinda kidogo kwa pembeni. Fremu ikikataa tairi ndo linaruka. Tena wakati huohuo pikipiki inagandamizwa kwa mara 2 ya uzito wake, kwaiyo foki nazo zimeshakaa chini na zimekuwa ngumu.

Kwaiyo unataka vitu vinavyopingana. Kwa breki, yaani kwa mbele na nyuma, fremu iwe ngumu sana. Kwa kujisokota, shingo ikilala kushoto wakati pivoti imebaki wima, iwe ngumu maana hapo matairi yanapoteza mstari. Kwa pembeni moja kwa moja iachie kidogo. Ndo maana ukiangalia mihimili ya kisasa ni mirefu kwenda juu lakini myembamba kwa upana, na mauntingi za mbele za injini ni masikio marefu membamba yanayoning'inia, huo wembamba sio kubana matumizi, ni springi.

Kwa fremu yako fanya hivi. Mauntingi za mbele zifanye sahani za kufunga kwa bolti, sio za kuchomelea, ukate seti tatu, unene 4, 6 na 8 mm. Ukitaka kubadilisha tabia ya fremu unabadilisha sahani, dakika kumi. Alafu pima kabla hujaenda treki. Funga sehemu ya pivoti kwenye meza nzito isiyotikisika, ingiza chuma kinene kwenye shingo, funga na mkono wa urefu wa mita 1 kwenda ubavuni, ning'iniza kilo 20 kwenye ncha yake, hiyo ni kama 196 Nm. Kwenye mkono huohuo, 500 mm kutoka katikati ya shingo, weka saa ya kupimia milimita. Ikisoma 2 mm, hiyo ni digrii 0.23, maana yake fremu yako inahitaji kama 850 Nm kujisokota digrii moja. Usihangaike kulinganisha hiyo namba na za wengine, kila mtu anafunga meza yake kivyake. Linganisha na yako ya jana, kabla na baada ya kubadilisha kitu.

Metali, haya twende

Chuma ugumu wake ni kama 205 GPa (kipimo cha kukataa kunyooka na kupinda) na uzito kilo 7.8 kwa lita, alumini 70 na 2.7, titani 110 na 4.5. Gawanya mwenyewe utaona zote zinatoka karibu sawa, 24 hadi 26. Yaani kwa uzito uleule hakuna iliyo ngumu zaidi kwa asili yake, tofauti inaletwa na umbo. Alumini kwa sababu ni nyepesi unaweza kuifanya nene na pana bila kuongeza kilo, na upana ndo unaleta ugumu.

Mfano wa chuma kitupu, bomba la 25 mm lenye ukuta wa 2 mm, weka badala yake la 35 mm lenye ukuta wa 1.5. Uzito unaongezeka chini ya asilimia 10, ugumu wa kukataa kupinda unakuwa zaidi ya mara 2. Kwaiyo ukiona fremu inalegea usikimbilie bomba nene ukuta, kimbilia pana. Ila usishuke chini ya ukuta wa 1.2 kwa kazi ya mkono, joto la weldi linaitoboa.

Kromoli 4130, chuma chenye kromiamu na molibdenamu, ndo chaguo langu kwa mabomba, inachomelewa kwa tigi bila maringo na ikipasuka inapasuka polepole ukaiona. Alumini 6061 iliyoimarishwa kwa joto ukiichomelea pale pembeni ya weldi nguvu inashuka hadi karibu nusu mpaka uirudishe kwenye tanuru, na tanuru la kuingia fremu nzima sio la kila mtu. Alumini 7020 inajirudishia yenyewe sehemu kubwa ikikaa wiki kadhaa, ndo maana wajenzi wa fremu waliipenda. Pia chuma ukikiweka chini ya kiwango fulani cha mzigo kinadumu, alumini haina hicho kiwango, kila pigo linahesabiwa, kwaiyo fremu ya alumini ina umri hata kama haijaanguka. Kaboni nzuri kwa mwenye maabara, nimemaliza.

Jigi na kuchomelea

Jigi, yaani kile kitanda cha kushika fremu isisogee ukichomelea, sio lazima iwe ya kifahari, boriti mbili za chuma zilizonyooka, nguzo ya shingo na nguzo ya pivoti, lakini zile nguzo ziwe kwenye mstari mmoja kabisa maana kosa la hapo halirekebishwi na kitu chochote. Injini iweke ndani (au bloku tupu) wakati wa kushikiza, ila itoe wakati wa weldi kamili, umeme wa weldi unakula bearingi.

Shikiza nukta nukta fremu nzima kwanza. Alafu chomelea kwa kuruka, kidogo kushoto, kidogo kulia, shingo ukimaliza upande mmoja nenda pivoti acha ipoe. Weldi ikipoa inavuta upande wake, ukimaliza upande mmoja wote shingo itakugeukia na utashangaa. Ndani ya shingo weka chuma kinene kilichochongwa kubana wakati wa kuchomelea, na sehemu za kukaa bearingi zichonge mwisho baada ya weldi zote. Mimi ya kwanza nilichonga kabla, ikaja kuwa yai, bearingi ikaingia kwa nyundo na usukani ukawa na sehemu inayokwama ukigeuza.

Ikishasimama kwenye matairi yake zungushia uzi tairi la nyuma, usawa wa chini kidogo ya ekseli, uvute mbele pande zote mbili ukigusa tu kingo za tairi. Usukani unyooshe, pima pengo kati ya uzi na tairi la mbele kushoto na kulia, mbele na nyuma ya tairi. Mapengo yakilingana umefaulu. Tairi la nyuma likiwa wima kabisa na la mbele limelala upande mmoja, shingo imejisokota, rudi kwenye jigi.

Rangi paka nyeupe au kijivu hafifu, nyeusi ni ya kuficha. Baada ya kila siku ya treki futa kwa kitambaa chini ya shingo, ncha za sahani za kuimarisha na masikio ya mauntingi, ufa unaanza pale weldi inapoishia na kwenye rangi nyeupe unaonekana kama unywele wenye kutu. Ukiwa na wasiwasi kuna ile dawa nyekundu inayopenya, unapuliza, unafuta, unapuliza ya unga mweupe juu yake, ufa unajichora wenyewe mwekundu. Kwa chuma kata hicho kipande chote uweke kipya, usipitishe weldi juu ya ufa ukaenda nayo resi. Kwa alumini ya mihimili ukiukuta pale shingoni, hiyo fremu itundike ukutani.